Kigezo cha Fundi: Historia ya Uigaji wa Haraka wa Vigunduzi vya Chembe

Katika kona ya Eastlands, jijini Nairobi, inayopakana na Gikomba na Shauri Moyo, ambako mafundi wa jua kali wa Kamukunji wamefua mapipa na mabati kwa miongo mingi wakiyageuza kuwa majiko, masanduku ya wanafunzi, makarai na wilibaro, kuna kifaa ambacho mnunuzi hakioni kwa sababu hakiuzwi. Kifaa hicho ni kigezo, yaani kipande cha bati au kadibodi kilichokatwa kwa umbo la sehemu fulani ya chombo, ambacho fundi hukilaza juu ya bati jipya, akafuatisha ukingo wake kwa msumari, kisha akakata bila kupima tena. Kigezo hakifikiri, fikra zote ziliingia ndani yake siku kilipotengenezwa, na kufaa kwake kunategemea kama aliyekikata mara ya kwanza alipima sawasawa. Neno hilo hilo hutumiwa katika hisabati ya Kiswahili kutaja namba inayobeba tabia ya mlinganyo, nayo ni sadfa njema, kwa maana historia ya namna wanafizikia walivyojifunza kuiga vigunduzi vyao kwa kompyuta, na baadaye kuviiga kwa haraka, ni historia ya kukata vigezo vya namna hiyo na ya kubishana juu ya uaminifu wake.

Kigunduzi cha chembe ni chombo kinachonasa alama za vitu vidogo kuliko atomu, ambavyo havionekani kwa hadubini yoyote, na hunasa alama hizo kwa cheche, kwa mwanga au kwa chaji ya umeme inayoachwa pale chembe inapopita. Sehemu yake yenye kazi nzito zaidi huitwa kalorimeta, nayo hupima nishati ya chembe kwa kuisimamisha kabisa ndani ya maada nzito kama risasi. Elektroni yenye nishati kubwa ikiingia katika risasi hutoa fotoni, yaani chembe ya nuru. Fotoni hiyo hupasuka ikazaa elektroni na pozitroni, ambayo ni pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Kila mmoja wa hao hutoa fotoni nyingine, nazo hupasuka tena, mpaka katika kina cha sentimita chache tu mgeni mmoja aliyeingia amekuwa umati wa maelfu. Umati huo huitwa manyunyu. Hakuna anayeweza kuhesabu chembe zake moja moja katika jaribio halisi. Kinachopatikana ni ishara za umeme, na mwanasayansi analazimika kuuliza kinyumenyume ni kisa gani kingeweza kuzileta. Ili ajibu, inambidi atengeneze visa vya kubuni kwa mamilioni, avipitishe katika kigunduzi cha kubuni, kisha alinganishe ishara zake na zile za kweli, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa uigaji.

Msingi wa uigaji ni bahati nasibu, kwa sababu maumbile yenyewe katika kiwango hicho hayaamui kwa hakika bali kwa uwezekano. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, mwenye asili ya Poland, aliyefanya kazi katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa na akijiliwaza kwa karata za kuchezwa na mtu mmoja, akagundua kwamba ni rahisi zaidi kuucheza mchezo mara mia na kuhesabu ushindi kuliko kukokotoa uwezekano wa kushinda kwa kalamu. Wazo hilo alilijadili na mwanahisabati mwenzake John von Neumann, na mwaka 1949 Ulam na mwenzake Nicholas Metropolis walilichapisha kwa jina la Monte Carlo, mji wa Monaco wenye jumba la kamari ambalo jamaa mmoja wa Ulam alilipenda kupita kiasi. Wazo hilo lingalizaliwa Nairobi, pengine lingaliitwa pata potea, kwa jina la mchezo wa karata tatu uliowatoa wengi nauli zao pembeni mwa barabara, au lingalichukua jina la mtaa wa Bahati.

Aliyeiingiza bahati hiyo katika manyunyu hakuwa na kompyuta. Robert Wilson, ambaye baadaye aliongoza ujenzi wa maabara ya Fermilab karibu na Chicago, alichapisha mwaka 1952 utafiti wa manyunyu ya elektroni ndani ya risasi uliofanywa kwa gurudumu la bahati: silinda iliyozungushwa kwa mota na kuchorwa mikunjo ya uwezekano juu yake, ambapo unene wa risasi uligawanywa katika vipande vifupi, na kwa kila chembe katika kila kipande silinda ilizungushwa, ikasimama, na hatima ya chembe hiyo ikasomwa palepale iliposimama. Ni vigumu kuisoma taarifa hiyo leo bila kustaajabia subira yake. Mzunguko mmoja ulikuwa uamuzi mmoja, na manyunyu makubwa yalidai maamuzi mengi mno, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kazi hii tatizo lililokuwa mezani ni lile lile lililopo leo, nalo ni muda.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na vigunduzi vyenyewe kama inavyodhaniwa. Katika ghuba iliyo karibu na Malindi, upande wa Ngomeni, Waitaliano chini ya uongozi wa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walisimamisha jukwaa la chuma baharini lililoitwa San Marco, na setilaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha mwaka wa saba wa uhuru, setilaiti ya Marekani iliyobeba vihesabio vya gesi vya kunasa miale ya eksirei iliruka kutoka San Marco na kupewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Setilaiti nyingine ya Marekani, SAS-2, iliyorushwa kutoka hapo hapo tarehe 15 Novemba 1972, inahusiana na mada hii kwa karibu zaidi, maana ndani yake mlikuwa na chumba cha cheche: safu za nyaya zenye umeme zilizotenganishwa kwa bamba nyembamba za tangisteni. Mwale wa gama kutoka angani ulipogonga bamba ulizaa elektroni na pozitroni, nazo zikaacha mstari wa cheche wenye umbo la V, ambao ni hatua ya kwanza kabisa ya manyunyu yale yale aliyoyafuatisha Wilson kwa silinda yake. Sababu ya kurushia Kenya haikuwa hisani. Jukwaa liko takriban digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka maeneo ambako chembe zenye chaji zilizonaswa na usumaku wa dunia ni nyingi kiasi cha kuzamisha ishara dhaifu zinazotafutwa. SAS-2 iliishi hadi tarehe 8 Juni 1973 tu, mfumo wake wa umeme ulipoharibika, lakini katika muda huo mfupi ilinasa miale kutoka chanzo kisichojulikana ambacho Mtaliano Giovanni Bignami alikuja kukiita Geminga, jina ambalo kwa lahaja ya Milano husikika kama kusema “haipo”. Ilichukua takriban miaka 20 kuthibitisha kwamba ilikuwepo, nayo ni mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi.

Swali ambalo kigunduzi cha namna hiyo humtwika mwenyewe ni hili: kati ya miale 100 iliyopita, ni mingapi imeonekana, na pembe iliyosomwa imekosea kwa kiasi gani? Sehemu ya jibu hupatikana kwa kukiweka kigunduzi mbele ya miale inayojulikana, lakini hakuna maabara inayoweza kuiga kila pembe na kila nishati, na hapo ndipo hesabu za bahati zinapochukua nafasi. Katika miaka hiyo ya 1970 hesabu hizo zilianza kukusanywa katika programu kubwa zilizoweza kutumiwa na wengine. Huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, toleo la kwanza la GEANT liliandikwa mwaka 1974. Huko Stanford, Marekani, Richard Ford na Walter Nelson walitoa EGS3 mwaka 1978 kwa ajili ya elektroni na fotoni. GEANT3 ilifuata mwaka 1982, na mwishoni mwa 1998 ikatoka Geant4, iliyoandikwa upya kuanzia mwanzo na ambayo leo hutumiwa pia kukadiria mionzi ndani ya mwili wa mgonjwa wa saratani na ndani ya vyombo vya angani. Setilaiti ya Kiitaliano ya AGILE, iliyorushwa kutoka India tarehe 23 Aprili 2007, iliigwa kwa GEANT kabla ya kuruka, na takwimu zake za miale ya gama zilishushwa kupitia kituo cha Malindi mpaka ilipoanguka kutoka angani mwezi Februari 2024.

Programu hizo ni aminifu kupita kiasi, na uaminifu huo ndio ughali wake. Hufuata kila chembe hatua kwa hatua, zikiuliza katika kila hatua kama itagongana, kama itapasuka au kama itapita salama. Katika mashine ya LHC ya CERN, iliyowashwa mwaka 2008 na ambamo mafungu ya protoni hupishana mara milioni 40 kwa sekunde, kukiiga kikamilifu kisa kimoja tu chenye chembe nyingi ndani ya kigunduzi cha ATLAS huchukua dakika kadhaa za kompyuta, na zaidi ya robo tatu ya muda huo huliwa na kalorimeta peke yake. Maumbile humaliza kazi hiyo kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Visa vinavyohitajika ni mabilioni, na ingawa takriban vituo 170 katika nchi zaidi ya 40 vimeunganishwa ili kuigawana kazi ya CERN, foleni haijawahi kuisha.

Hapa ndipo kigezo kinapoingia. Mwaka 1975 Waitaliano wawili, Egidio Longo na Ignazio Sestili, walichapisha uchunguzi wa manyunyu ndani ya kioo cha risasi wakaonyesha kwamba, ingawa hatima ya kila chembe ni ya bahati, umbo la umati wote kwa urefu hufuata mkunjo mmoja wenye adabu: hupanda haraka, hufikia kilele, kisha hushuka polepole kama mgongo wa ng’ombe kuelekea mkiani, nao unaweza kuandikwa kwa mlinganyo mfupi wenye vigezo viwili. Maana yake ni kubwa. Badala ya kuwafuata watoto maelfu wa elektroni moja, mtu anaweza kuandika tu kwamba katika kina fulani pana kiasi fulani cha nishati, akaimwaga nishati hiyo mahali pake na kuendelea na kisa kingine. Fundi hapimi tena kila jiko.

Lakini hapo pana mtego, na historia yote iliyofuata imeuzunguka mtego huo. Mkunjo wa Longo na Sestili unaeleza manyunyu ya wastani, na wastani haujawahi kuingia katika kigunduzi chochote. Manyunyu mengine huanza mapema, mengine huchelewa. Mengine huvuja nyuma ya kalorimeta, mengine hukomea katikati. Na kwa kuwa usahihi wa kipimo cha nishati unatokana na tofauti hizo hizo, anayeiga kwa wastani peke yake hujipatia kigunduzi cha kubuni kilicho bora kuliko cha kweli, jambo ambalo ni hatari kuliko kuwa na kigunduzi kibovu, kwa sababu humfanya mtafiti aamini kwamba angeona kitu ambacho asingekiona. Marekebisho makubwa yalikuja Hamburg, Ujerumani, katika kundi la kigunduzi cha H1, ambako Günter Grindhammer na wenzake Rudowicz na Peters walichapisha mwaka 1990 njia ambayo vigezo vyenyewe vilipigiwa kura: kwa kila manyunyu kilele na mteremko vilichaguliwa kwa bahati, tena pamoja, kwa sababu manyunyu yanayofika kilele mapema huwa na mteremko wa namna yake na haifai kuchagua kimoja bila kujali kingine. Njia hiyo, iliyojulikana kwa jina la GFLASH, iliigusa pia aina ngumu zaidi ya manyunyu, yale ya protoni na jamaa zake, ambayo huchachamaa bila mpangilio, na baadaye ilitumiwa katika kigunduzi cha CDF huko Fermilab. Kwa kipimo chochote cha haki, hiyo ndiyo kazi iliyoufanya uigaji wa haraka kuwa ufundi badala ya ukisiaji.

Wengine walichagua njia fupi zaidi, wakaacha kabisa kuchora manyunyu. Katika njia hiyo, ambayo inaweza kuitwa ya kutia ukungu, kila chembe ya nadharia huchukuliwa ilivyo, nishati yake ikatikiswa kidogo kwa bahati kulingana na usahihi unaojulikana wa kigunduzi, na chembe nyingine zikatupwa kulingana na sehemu ya zile ambazo kigunduzi hushindwa kuziona. ATLAS ilikuwa na programu ya namna hii tangu miaka ya 1990, na mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji walitoa Delphes, ambayo humpa yeyote uwezo wa kueleza kigunduzi kizima katika faili moja ya maandishi: ukubwa wake, nguvu ya sumaku yake, ukungu wake. Delphes hukamilisha kisa kimoja katika sehemu ndogo ya sekunde kwa kompyuta ya kawaida. Wapo wataalamu wanaoidharau kwa kuwa haifikii undani wa kigunduzi chochote halisi, na dharau hiyo haina msingi mkubwa, kwa sababu swali la mtu anayetaka kujua kama mashine ya kesho inafaa kujengwa si swali la mtu anayepima chembe kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu. Anayetaka kujua kama bati litatosha jiko hahitaji mizani ya sonara.

Njia ya tatu ni ya akiba: manyunyu ya nishati ndogo huigwa kikamilifu mapema, yakahifadhiwa kwa maelfu katika maktaba, na kila chembe dhaifu inapotokea katika kisa kipya hutolewa moja kutoka ghalani na kubandikwa mahali pake. ATLAS iliitumia katika kalorimeta zake za pembeni, zilizo karibu na mrija wa protoni, ambako chembe ni nyingi mno. Haina mengi ya kusimuliwa, ila kwamba ghala likiwa dogo manyunyu yale yale hurudia kuonekana.

Tangu mwaka 2017 mkono mwingine umeingia kazini. Michela Paganini, Luke de Oliveira na Benjamin Nachman walionyesha kwamba mitandao miwili ya neva, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, inaweza kushindanishwa, mmoja ukighushi manyunyu na mwingine ukijaribu kuyatambua ya kughushi, mpaka ule wa kughushi ukawa stadi. Wao wenyewe waliripoti kasi ya hadi mara 100,000 kuliko Geant4 pale mtandao ulipoendeshwa kwa vichakataji vya michoro. ATLAS haikukimbilia kuiacha njia ya zamani. Mfumo wake wa AtlFast3 huchanganya vigezo vya kukatwa kwa mkono na mitandao hiyo, kila kimoja kikipewa chembe na nishati ambako kimeonekana kukaribia Geant4 zaidi. Tahadhari hiyo inastahili sifa. Mkunjo wa Longo na Sestili unaweza kusomwa, ukaeleweka na kukosolewa na mwanafunzi mwenye kalamu, ilhali mtandao wa neva ni kigezo kilichokatwa na fundi asiyeweza kueleza alipimaje, na kosa lake hujificha hasa katika visa adimu ambavyo mifano yake ilikuwa michache, na visa adimu ndivyo watafiti wa chembe mpya wanavyovitafuta. Tena mtandao hufundishwa kwa manyunyu ya Geant4, na Geant4 nayo husahihishwa kwa vipimo vya vigunduzi vya kweli vilivyowekwa mbele ya miale inayojulikana. Mnyororo huo ukikatika popote, kasi yote iliyopatikana huwa kasi ya kukosea.

Mafundi wa Kamukunji wanaujua mnyororo wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jiko lenye kauri ndani lilipoanza kutengenezwa na mafundi wa Shauri Moyo, ganda la bati na kauri ya udongo vilifinyangwa na watu tofauti katika sehemu tofauti, na kigezo cha upande mmoja kilichokosea kidogo kilimaanisha kauri isiyokaa ndani ya ganda lake. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza maana ya kulinganisha kipimo na kitu chenyewe.

Kwa upande wa zana, umbali kati ya Eastlands na Geneva umepungua kuliko ulivyokuwa enzi za San Marco. Geant4 na Delphes hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani, na tangu Novemba 2014 CERN imekuwa ikiweka wazi kwa umma takwimu halisi za LHC, zikiwemo za kigunduzi cha CMS, pamoja na visa vya kuigwa vya kulinganisha navyo. Mwanafunzi wa Umoja, Donholm au Buruburu mwenye kompyuta ya mkononi, fungu la intaneti na stima isiyokatika usiku kucha anaweza kuandika faili ya kigunduzi chake mwenyewe, akaiga visa 10,000 kabla ya mapambazuko na kuvipima dhidi ya takwimu za kweli. Aanze na kalorimeta, abadilishe kigezo kimoja tu kwa wakati mmoja, na asiyaamini matokeo yoyote mazuri kabla ya kuyalinganisha na yale ya njia ndefu.